Bomba la Kusukumia Maji: Namna ya Kulitengeneza Nyumbani na Mipaka ya Matumizi Yake

Utangulizi

Si ajabu, katika kaya za Saza, Mkwajuni au Tunduma, kukuta bomba la sindano lililokwisha kutumika limehifadhiwa kwenye kopo la vifaa vya fundi au juu ya kabati la vyombo. Hutumika kutia mafuta kwenye cherehani, kumwagilia miche michanga, kupitisha gundi kwenye ufa wa meza, na wakati mwingine huwa mchezo wa watoto wa kurushiana maji. Mwenye kulitunza huona ameokoa fedha, kwa kuwa kifaa chenyewe kilikuwa kitupwe.

Sisi tunaoandika mwongozo huu tunakubali kwamba kifaa cha namna hiyo kina kazi nyingi za halali nyumbani. Tusilolikubali ni chanzo chake. Bomba lililotoka katika matibabu ya mtu limegusa damu au dawa, na halina nafasi katika nyumba yenye watoto. Kwa sababu hiyo, hatutaki kumwambia mtumiaji "usitumie" kisha tumwache bila njia nyingine. Somo hili linamfundisha kutengeneza bomba lake mwenyewe kwa vitu vya kawaida, kulipima, kulitumia kwa kazi zinazofaa, na kutambua mahali ambapo bomba hilo halipaswi kufika kamwe.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini bomba huvuta na kusukuma maji;
(b) kutengeneza bomba moja la matumizi ya nyumbani yasiyo ya tiba;
(c) kukadiria ujazo wa bomba lake;
(d) kutaja hatari za kutumia tena bomba la hospitali na hatua za kuchukua mtu anapochomwa na sindano iliyotupwa.

1. Jinsi bomba linavyofanya kazi

Bomba la kusukumia lina sehemu nne tu: mwili ulio wazi ndani, mti wa kusukuma, kichwa kinachobana kuta za ndani, na mdomo mwembamba. Anayeijua pampu ya baiskeli amekwisha kuifahamu kanuni yake.

Mdomo ukiwa ndani ya maji na mti ukavutwa juu, nafasi iliyo chini ya kichwa huongezeka na kanieneo ya hewa iliyomo hupungua. Hewa ya nje, ambayo wakati wote huyakandamiza maji ya ndoo, huyasukuma yapande kujaza nafasi hiyo. Kwa hiyo bomba halina nguvu ya kuvuta kwa maana halisi. Hewa ya nje ndiyo inayofanya kazi, na mkono wetu huifungulia njia tu. Hii ndiyo sababu bomba linalovuja hewa halivuti maji hata ukilivuta kwa nguvu zote.

Wakati wa kusukuma, jambo lingine hutokea. Mwanasayansi wa Ufaransa wa karne ya 17, Blaise Pascal, alieleza kwamba kanieneo inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Maji hutafuta upenyo, na upenyo pekee ni mdomo. Ikiwa upana wa ndani wa bomba ni milimita 20 na tundu la mdomo ni milimita 2, eneo la bomba ni mara 100 ya eneo la tundu. Maji hayo hayo hulazimika kupita kwenye njia iliyo finyu mara 100, nayo hutoka kwa kasi iliyo mara 100 ya kasi ya kichwa. Ndiyo maana mkono wa mtoto huweza kurusha maji mbali, na ndiyo maana tunaonya kwamba mdomo wa bomba usielekezwe kamwe kwenye jicho au sikio la mtu.

Kuna funzo la tatu, lenye manufaa wakati wa kuchagua vifaa. Kwa nguvu ile ile ya mkono, bomba jembamba hutoa kanieneo kubwa kuliko bomba nene. Wengi hudhani bomba nene ndilo bora kwa kuwa hubeba maji mengi. Wakilitengeneza hugundua kwamba ni zito kusukuma na kichwa chake huvuja upesi. Upana wa ndani wa sentimita 2 hutosha kwa kazi nyingi za nyumbani.

2. Vifaa vinavyohitajika

Vifaa vyote vilivyoorodheshwa hapa hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi au miongoni mwa vitu vilivyochakaa nyumbani:

- kipande cha bomba gumu la plastiki la maji, urefu wa sentimita 30, upana wa ndani wa sentimita 2 hivi;
- mti mnyoofu uliokauka, urefu wa sentimita 40, mwembamba kuliko tundu la bomba;
- ndala moja kuukuu ambayo soli yake bado ni nzima;
- skrubu moja ya mbao na washa mbili;
- kipande cha mti laini cha kuchonga kizibo, urefu wa sentimita 3;
- mrija wa nje wa kalamu iliyokwisha wino;
- utepe mweupe ambao mafundi bomba huuzungushia kwenye nyuzi za koki;
- gundi ya mabomba ya plastiki;
- msumeno mdogo, kisu, msasa na rula.

Bomba la plastiki liwe jipya au liwe limetumika kwa maji safi peke yake. Kipande kilichowahi kupitisha kiuatilifu, mafuta au maji taka hakifai, hata kikioshwa. Tunasisitiza pia kwamba bomba la plastiki likatwe kwa msumeno. Lisikatwe wala kutobolewa kwa moto. Plastiki ya mabomba hayo ina klorini, nayo ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaodhuru macho na mapafu.

Mahali ambapo bomba la plastiki ni ghali au halipatikani, mwanzi uliokauka vizuri hutosha. Chagua mwanzi usio na ufa, wenye unene ulio sawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na uukate kwa namna ambayo pingili moja inabaki imefunga upande mmoja. Pingili hiyo ndiyo itakayokuwa mdomo.

3. Hatua za utengenezaji

Hatua ya kwanza: kutayarisha mwili. Kata bomba kwa urefu wa sentimita 30. Sugua ncha zote mbili kwa msasa hadi zisiwe na makali. Pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni ndani, kisha suuza. Kuta za ndani zikiwa na mikwaruzo, kichwa hakitabana, badilisha kipande.

Hatua ya pili: kutayarisha mdomo. Chonga kizibo cha mti hadi kiingie kwa kubana upande mmoja wa bomba. Toboa katikati yake tundu linaloruhusu mrija wa kalamu kupita kwa kubana. Ingiza mrija ili sentimita 4 au 5 zibaki nje. Zungushia utepe mweupe kwenye kizibo, paka gundi kwenye ukuta wa ndani wa bomba, kisha kigongee taratibu. Acha gundi ikauke kwa siku nzima kabla ya kutia maji. Harufu ya gundi hii ni kali. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko na watoto.

Ikiwa unatumia mwanzi, hatua hii ni fupi. Pasha moto ncha ya msumari mwembamba, utoboe nao katikati ya pingili. Tundu lisizidi upana wa milimita 2 au 3. Mwanzi ni mti wa asili, kwa hiyo haina madhara kuutoboa kwa msumari wa moto.

Hatua ya tatu: kutengeneza kichwa. Simamisha bomba juu ya soli ya ndala na uchore duara kwa kufuata ukingo wa ndani. Kata duara mbili kubwa kidogo kuliko mchoro, kama unene wa ukucha kila upande. Zipange pamoja, washa moja juu na nyingine chini, kisha zifunge kwa skrubu kwenye ncha ya mti. Washa ziwe ndogo kuliko tundu la bomba ili zisikwaruze kuta. Kabla ya kufunga skrubu, toboa mti kwa msumari mwembamba. Pasipo kufanya hivyo mti utapasuka.

Kwa bomba la mwanzi, ambalo ndani yake si duara kamili, kichwa cha kitambaa ni bora kuliko cha ndala. Zungushia kitambaa cha pamba kwenye ncha ya mti, tabaka juu ya tabaka, kisha ukifunge kwa uzi imara juu na chini. Kitambaa kikilowa huvimba na kujaza nafasi zisizo sawa.

Hatua ya nne: kuunganisha. Lowesha kichwa kwa maji ya sabuni, ukiingize kwenye bomba huku ukikizungusha. Usipake mafuta ya mgando wala mafuta ya mitambo, maana mafuta ya namna hiyo huvimbisha mpira na baada ya muda huulegeza.

Hatua ya tano: kuweka alama. Sukuma kichwa hadi mwisho, kisha funga uzi wa rangi kwenye mti mahali unapotoka katika bomba. Funga uzi mwingine sentimita 20 kuelekea kwenye kichwa. Ukivuta mti hadi uzi wa pili uonekane, simama. Ukiendelea, kichwa kitachomoka na maji yatamwagika.

4. Majaribio mawili ya ubora

Bidhaa yoyote, hata iliyotengenezwa nyumbani, ipimwe kabla ya kutumika. Tunapendekeza majaribio mawili.

Jaribio la kwanza ni la hewa. Sukuma mti hadi mwisho, ziba mdomo kwa kidole, vuta mti hadi nusu, kisha uuachie. Bomba jema huurudisha mti lenyewe kuelekea ndani. Mti ukibaki pale ulipoachwa, hewa inapenya ama kwenye kichwa ama kwenye kizibo.

Jaribio la pili ni la maji. Jaza bomba, ziba mdomo kwa kidole, sukuma kwa nguvu ya wastani huku ukihesabu hadi kumi. Tazama sehemu mbili. Maji yakitokea nyuma ya kichwa, kata duara mpya zilizo kubwa kidogo. Yakitokea pembeni mwa kizibo, kausha bomba, ongeza utepe na gundi, kisha urudie.

5. Kujua ujazo wa bomba lako

Mtumiaji mwenye bomba ambalo hajui linabeba kiasi gani hana kipimo. Ana chombo tu. Kukadiria ujazo si kazi ngumu. Upana wa ndani ukiwa sentimita 2, nusu yake ni sentimita 1. Zidisha 1 kwa 1, kisha kwa 3.14, eneo la ndani ni sentimita za mraba 3.14. Kila sentimita moja ya mwendo wa mti basi hubeba mililita 3.14, na mwendo wa sentimita 20 hubeba mililita 63 hivi.

Hesabu hiyo ihakikishwe kwa vitendo. Chukua chupa ya maji iliyoandikwa nusu lita, yaani mililita 500, na uhesabu ni mivuto mingapi kamili inayoijaza hadi kiwango ilichouziwa. Kwa bomba la vipimo tulivyotaja, jibu liwe karibu na mivuto 8. Ukipata mivuto 10 au zaidi, ama bomba linavuja ama upana wake ulipimwa vibaya.

Hapa tunaweka mpaka ulio wazi. Kipimo hiki ni makadirio, nacho kinamfaa anayetaka kila mche wake upate maji yaliyo sawa na ya mwenzake. Hakifai kupimia bidhaa inayouzwa. Vipimo vya biashara husimamiwa na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, na mteja anayeuziwa maziwa, mafuta au asali kwa chombo cha kubuni ana haki ya kukataa na kutoa taarifa.

6. Kazi ambazo bomba hili linazifaa

Kazi ya kwanza ni kumwagilia miche iliyo kwenye viriba. Mkoa wa Songwe unajulikana kwa kahawa ya Mbozi, na familia nyingi pia huotesha mboga na miti ya matunda. Maji yanayomwagwa kwa kopo huchimbua udongo na kulaza mche. Maji yatokayo kwenye mdomo mwembamba, yakielekezwa pembeni mwa kiriba, huingia polepole bila kuigusa mizizi.

Ya pili ni kuosha vumbi kwenye paneli za umeme wa jua. Fanya kazi hii asubuhi kabla paneli haijapata moto, maana kioo chenye joto kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupasuka. Kama paneli iko juu ya paa, kwanza hakikisha usalama wa ngazi.

Ya tatu ni kuzibua matundu ya mabomba ya umwagiliaji wa matone, na kusafisha pembe za vyombo ambazo brashi haifiki.

Ya nne inawahusu wachimbaji wadogo. Saza imo katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambao umechimbwa tangu miaka ya 1920. Mwoshaji wa mchanga kwa karai hukutana na taabu ile ile mwishoni mwa kazi: chembe ndogo za dhahabu zimechanganyika na mchanga mweusi na kidole hakiwezi kuzitenga. Bomba lenye mdomo mwembamba, likivutwa kwa mivuto mifupi chini ya maji, hunyonya chembe pamoja na maji kidogo, nazo humiminwa kwenye chombo cha pembeni. Kazi hii ifanyike kabla zebaki haijatiwa. Zebaki isivutwe kwa bomba hili hata kidogo: hutoa mvuke usioonekana wala kunusika, huingia kwenye vinyweleo vya kichwa na mti, na bomba lililoigusa hubaki chanzo cha sumu nyumbani. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ambao unazitaka nchi kupunguza matumizi yake katika uchimbaji mdogo.

Ya tano ni elimu. Mwalimu mwenye mabomba mawili ya upana tofauti yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba uliojaa maji anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi breki za gari na jeki za mafundi zinavyozidisha nguvu. Mtoto akisukuma bomba jembamba, mwenzake hatauweza mti wa bomba nene.

7. Mahali ambapo bomba hili halipaswi kufika

Bomba ulilolitengeneza si safi kwa maana ya kitabibu, na hakuna njia ya nyumbani ya kulifanya liwe hivyo. Kwa hiyo lisitumike:

- kuchoma sindano, kwa binadamu au kwa mifugo, kwa sababu yoyote ile;
- kuosha kidonda, sikio, pua au jicho;
- kuingiza maji au dawa za mitishamba kwa njia ya haja kubwa, hasa kwa watoto wachanga, ambao utumbo wao hutoboka kwa urahisi;
- kupima au kunywesha dawa ya mtoto. Dawa ya maji hupimwa kwa kijiko au bomba la kunyweshea lililokuja na dawa hiyo au lililotolewa na mfamasia. Kosa la mililita 2 ambalo mche hauwezi kulihisi linaweza kumzidishia mtoto dawa au kumpunguzia;
- kupima au kunyunyizia viuatilifu. Kichwa cha ndala hunyonya sumu, na maji yanayovuja nyuma hutiririka moja kwa moja kwenye mkono;
- kuvuta petroli au dizeli. Mafuta hayo huharibu mpira, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo;
- kutia maji kwenye betri. Skrubu na washa huacha chembe za chuma, ambazo hufupisha maisha ya betri, na asidi iliyomo huweza kurukia macho;
- kutia au kunyonya chakula chochote.

Andika kwenye mwili wa bomba, kwa wino usiofutika, maneno haya: SI YA DAWA, SI YA CHAKULA. Mgeni au mtoto asiyejua historia ya chombo ataisoma.

8. Kwa nini bomba lililotupwa lisirudi nyumbani

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini nisumbuke, ilhali bomba la hospitali ni imara na ninaweza kulichemsha? Swali hili linastahili jibu kamili.

Mabomba ya sindano ya plastiki yametengenezwa kutumika mara moja. Vifaa vya hospitali vinavyotumika tena husafishwa kwa mvuke ulio chini ya kanieneo, kwa joto la nyuzi 121 za Selsiasi kwa angalau dakika 15. Sufuria ya nyumbani haifiki joto hilo. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na chini ya hapo katika maeneo ya miinuko kama yetu. Tena, damu iliyokauka nyuma ya kichwa cha mpira haiondolewi kwa kuchemsha peke yake. Kirusi cha homa ya ini aina B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye doa ambalo jicho halilioni.

Historia ya jirani zetu inatufundisha uzito wa jambo hili. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku kaskazini mwa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi walipewa mabomba ya sindano matano tu kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wa siku nzima. Yalisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu baina ya mgonjwa na mgonjwa. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulienea kwa njia hiyo. Katika mlipuko ule watu 318 waliugua na 280 wakafariki. Nchini Misri nako, kampeni ya kutibu kichocho kwa sindano zilizorudiwa, iliyoendeshwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliwaambukiza watu wengi homa ya ini aina C. Katika visa vyote viwili hapakuwa na nia mbaya. Palikuwa na uhaba wa vifaa na imani kwamba kusuuza kunatosha.

Kwa sababu ya mafunzo hayo, mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote kutumia mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya matumizi ya kwanza. Bomba la namna hiyo likikwama baada ya kutumika, halijaharibika. Limefanya kazi yake ya mwisho.

9. Ukikuta sindano imetupwa, au ukichomwa nayo

Ukiona sindano njiani, jalalani au kwenye uwanja wa watoto, waondoe watoto kwanza. Usiishike kwa mkono mtupu na usijaribu kuirudishia kifuniko. Mtu mzima aliyevaa viatu vya kufunika atumie koleo kuiingiza kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, sindano ikitangulia chini, kisha aipeleke kwenye zahanati au kituo cha afya. Usiitupe chooni wala kuichoma kwenye takataka za nyumbani.

Mtu akichomwa:

Kwanza, oshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Pili, asiminye jeraha, asilinyonye kwa mdomo, wala asipake spiriti au dawa ya kufulia.

Tatu, afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa mapema, na si baada ya saa 72. Atashauriwa pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B.

Mtoto aliyechomwa asigombezwe. Mtoto anayeogopa adhabu huficha jeraha, na saa hizo 72 hupita.

10. Unaponunua bomba la sindano halisi

Kuna nyakati ambapo mtumiaji huhitaji bomba halisi, kwa mfano mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini. Vifaa hivyo husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019 wakati usimamizi wa chakula na vipodozi ulipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Kabla ya kulipa, angalia mambo matano: pakiti haijafunguliwa wala kutobolewa, jina la mtengenezaji limeandikwa, namba ya toleo inasomeka, tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita, na pakiti inaeleza kwamba kilichomo hakina vimelea na ni cha kutumika mara moja. Dai risiti. Tunduma ni mji wa mpakani ambao bidhaa hupita kwa wingi, na risiti ndiyo itakayokuwezesha kufuatwa kwa chanzo cha bidhaa mbovu. Usinunue mabomba yanayouzwa yakiwa wazi, moja moja, juu ya meza ya barabarani, hata bei iwe ndogo kiasi gani.

11. Matunzo

Baada ya kazi, vuta na kusukuma maji safi mara tatu, chomoa mti, na uanike sehemu zote kivulini. Jua kali hukakamaza plastiki na kupasua mwanzi. Badilisha kichwa mara tu jaribio la hewa linaposhindwa. Bomba lililopata ufa lisifungwe kwa utepe, litupwe. Kila kazi iwe na bomba lake: la bustani libaki la bustani, na la machimboni lisiingie nyumbani.

Maswali ya kujipima

1. Umevuta mti, lakini maji hayapandi. Taja sehemu mbili utakazokagua kwanza.
2. Upana wa ndani wa bomba lako ni sentimita 1.6. Mwendo wa sentimita 20 utabeba mililita ngapi?
3. Jirani yako anataka kuazima bomba lako ili ampimie mtoto dawa ya homa. Utamjibu nini, na utamwelekeza wapi?
4. Kwa nini kuchemsha bomba la hospitali nyumbani hakulifanyi kuwa salama?

Majibu kwa ufupi

1. Kichwa na kizibo cha mdomo.
2. Nusu ya upana ni sentimita 0.8, eneo ni 0.8 × 0.8 × 3.14, yaani sentimita za mraba 2.01, ujazo ni mililita 40 hivi.
3. Usimwazime. Atumie kipimo kilichokuja na dawa, au akaombe kwa mfamasia au kwenye zahanati.
4. Joto halifiki nyuzi 121, na damu iliyojificha ndani haiondoki.

Tunamwomba msomaji alijadili somo hili na watu wa nyumbani mwake, kisha akague makopo na makabati. Kama kuna bomba lililotoka hospitalini, lipelekwe kituo cha afya kwa namna tuliyoeleza, na nafasi yake ichukuliwe na lile alilolitengeneza kwa mikono yake.